Patrick Manson, munganga ambaye jina lake limebaki ndani ya mnyoo

Butembo. Kila juma kuna watu wanaoshuka kutoka milima ya Butembo kwenda kutafuta samaki. Wengine wanashika njia ya Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, karibu na pale mto Semliki unapotoka ziwani. Wengine, wakati usalama wa njia unaruhusu, wanapita Beni na kwenda mpaka Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert, jimbo la Ituri. Wanakaa huko siku tatu, juma moja, wakati mwingine mwezi mzima. Wanaingia majini kupokea mitumbwi, wanaoga, wanafua nguo, wanaosha samaki. Kisha wanarudi nyumbani na mizigo yao.

Majuma fulani yakipita, mmoja wao anaanza kuumwa tumbo. Anaona damu kwenye choo. Anachoka bila kujua sababu. Anaenda kwenye duka la dawa la kartie yake, anasema ana amibi, anauziwa dawa ya amibi. Siku chache anaona nafuu, kisha tumbo linarudi. Mara hii anaambiwa ni tifoidi. Pesa ya samaki inaisha kwenye dawa, na hakuna mtu aliyemwuliza alitoka wapi.

Lakini mtu huyo akifika kwenye labo yenye vyombo, na mtu wa labo akaweka kipande kidogo cha choo chake chini ya mikroskopi, anaweza kuona kitu ambacho aliyekiona mara moja hakisahau: yai refu, lenye rangi ya manjano iliyoiva, na mwiba mmoja unaotoka ubavuni. Hapo kazi ya kubahatisha inaisha. Ni bilarziozi ya matumbo, ugonjwa ambao majirani wetu wa Tanzania na Kenya wanauita kichocho. Mnyoo unaotaga yai hilo unaitwa Schistosoma mansoni. Neno la pili ni jina la mtu, Patrick Manson, Mskoti aliyekufa London mwaka wa 1922. Yeye hakufika Kongo hata siku moja. Ni Kongo iliyomfikia, ndani ya damu ya wagonjwa waliosafiri mpaka kwake.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 1844 katika mji mdogo wa Oldmeldrum, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mkubwa wa tawi la benki na mwenye mashamba. Mama yake alikuwa na undugu wa mbali na David Livingstone, yule msafiri ambaye mwaka wa 1871 alikaa Nyangwe, huko kwetu Maniema, akiwa na vidonda vya miguu na tumbo lililomsumbua mpaka kifo chake miaka miwili baadaye. Undugu huo haukumpa Manson kitu. Tunautaja kwa sababu tumbo la Livingstone ni mfano mzuri wa wakati ule: msafiri anatokwa damu miaka na miaka, yeye mwenyewe ni munganga, na bado hakuna aliyeweza kusema ni mdudu gani aliyemo ndani.

Inasimuliwa kwamba Manson alipokuwa mtoto alimpiga risasi paka mkali wa shambani, akampasua, akatoa tumboni mwake mnyoo mrefu wa utepe. Wanaoandika maisha ya watu wakubwa wanapenda hadithi za namna hii, na hatuna lazima ya kuiamini yote. Lililo hakika ni kwamba hakuanza na uganga. Akiwa kijana alipelekwa kujifunza kazi kwenye kiwanda cha chuma mjini Aberdeen. Kazi ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Mgongo ulipinda, mkono wa kuume ukawa dhaifu, akalazwa kitandani muda mrefu. Humo kitandani akaanza kusoma mambo ya wanyama na mimea, na alipoinuka akaingia chuo kikuu cha Aberdeen kusomea uganga. Alimaliza mitihani mapema kiasi kwamba alipaswa kungojea umri ufike ili apewe diploma yake, mwaka wa 1865.

Mwaka wa 1866 alisafiri kwenda kisiwa cha Taiwan, ambacho Wazungu walikiita Formosa, kuwa munganga wa duane ya China kwenye bandari ya Takao. Kazi yake rasmi ilikuwa kukagua mabaharia na kutunza wafanyakazi wa duane. Saa zilizobaki alitunza Wachina wa mji. Miaka mitano baadaye akahamia Amoy, bandari ya bara. Kule alikuta ugonjwa uliomshika roho: watu wenye miguu na viungo vya siri vilivyovimba mpaka mtu hawezi kutembea, ugonjwa tunaouita miguu ya tembo. Aliwapasua, akakata nyama, akawarudishia watu uwezo wa kutembea. Lakini hakujua unatoka wapi.

Alipokuwa likizoni Uingereza mwaka wa 1875, alisoma kwamba munganga mwingine, Timothy Lewis wa Calcutta, alikuwa ameona minyoo midogo sana ikiogelea ndani ya damu ya watu. Mwaka huohuo alioa, akanunua vyombo, akarudi Amoy na mke wake Henrietta. Swali alilojiuliza ni la mtu wa shambani zaidi kuliko la mwanachuoni. Kama watoto wa mnyoo wangekomaa wote ndani ya mtu mmoja, mtu huyo angekufa kwa wingi wao. Kwa hiyo ni lazima watoke. Watatokaje kwenye damu bila mtu kukatwa? Lazima kuwe na kiumbe kinachokunywa damu.

Mwaka wa 1877 alimlaza mtunza bustani wake, aliyeitwa Hin Lo na ambaye damu yake ilikuwa na minyoo hiyo, mahali ambapo mbu waliweza kuingia na kumwuma usiku. Asubuhi mbu walioshiba walikamatwa, na Manson akawapasua mmoja mmoja. Ndani yao aliona watoto wa mnyoo wakibadilika, wakikua siku kwa siku. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba mdudu anayeuma anaweza kulea ugonjwa wa binadamu. Hin Lo hakuandika kitabu wala kupewa medali. Angalau jina lake limebaki, jambo ambalo wagonjwa wengi waliokuja baada yake hawakupata.

Kisha likaja jambo la pili, ambalo watu wa labo wanalitumia mpaka leo. Manson alitumia wasaidizi wawili waliopimwa damu ya wagonjwa kwa zamu, mmoja mchana na mwingine usiku. Mchana hawakuona karibu kitu. Karibu na saa sita ya usiku minyoo ilijaa. Ugonjwa ulikuwa uleule, mtu yuleyule. Saa ya kuchukua damu ndiyo iliyoamua kama munganga ataona au hataona. Huko London wengine walicheka walipoisikia habari ya mnyoo unaojua saa. Lakini hesabu za usiku na mchana zilikuwa pale, na yeyote mwenye mikroskopi aliweza kuzirudia.

Mwaka wa 1880 tabia yake ya kutazama kila kitu ilimpa ushindi mwingine. Mkubwa mmoja wa serikali ya China alikuja kwake kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi, akakohoa, akatema mate chini. Manson aliona mate yana rangi ya kutu, akayachukua kwenye kioo. Yalikuwa yamejaa mayai ya mnyoo. Mwaka uliotangulia munganga mwenzake Ringer alikuwa ameupata mnyoo mzima ndani ya pafu la Mreno aliyekufa Formosa. Manson akaunganisha mambo hayo mawili. Aliweka mayai ndani ya maji safi, akangojea majuma, akaona kitoto chenye vinyweleo kikitoka na kuogelea kwa haraka. Akafikiri kwamba konokono wa mtoni huenda ndiye anayekipokea. Hapo tayari alikuwa ameshika kamba ambayo ingemfikisha, zaidi ya miaka 20 baadaye, kwenye yai lenye mwiba.

Tusimfanye mtakatifu. Juu ya mbu alikosea jambo kubwa. Alidhani mbu anauma mara moja tu, kisha anakufa majini, na mtu anapata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka wa 1900, wakati mwanafunzi wake mwenyewe, George Carmichael Low, alipoonyesha minyoo ikiwa ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia kwa mtu mwingine. Manson alikubali. Na hii haikuwa mara ya mwisho kwa Low kumsahihisha mwalimu wake.

Mwaka wa 1883 alihamia Hong Kong. Alipata wagonjwa matajiri, akasaidia kuanzisha kampuni ya maziwa ili watoto na wagonjwa wapate maziwa safi, na mwaka wa 1887 akawa kati ya waanzilishi wa chuo cha uganga kwa ajili ya vijana Wachina. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza aliitwa Sun Yat-sen, mtu ambaye baadaye angekuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya China. Mwaka wa 1896, Sun alipokuwa mkimbizi London, watu wa ubalozi wa China walimkamata na kumfungia ndani ya nyumba yao wakingojea kumrudisha kwao, ambako angekatwa kichwa. Alifaulu kutuma habari kwa mwalimu wake wa zamani James Cantlie. Cantlie na Manson walizunguka usiku, kwa polisi na kwa wizara ya mambo ya nje, mpaka serikali ya Uingereza ikaingilia na Sun akaachiliwa baada ya siku 12.

Manson alikuwa amerudi Uingereza mwaka wa 1889, akifikiri ana mali ya kutosha kupumzika na kuvua samaki. Fedha ya China ikaanguka thamani, akiba yake ikayeyuka. Mwaka wa 1890 akafungua kabine London, mtaa wa Queen Anne, na mwaka wa 1892 akapata kazi kwenye hospitali ya mabaharia. Kwa hiyo ni umaskini wa ghafula uliomleta kwenye kazi ambayo tunamkumbuka nayo. Bandari ya London ilikuwa mlango wa dunia nzima. Mabaharia, askari, wamisionari, wafanyabiashara, wote walirudi na homa, na kuhara, na uvimbe, na waganga wengi wa London hawakujua la kufanya nao. Walikuwa wamefundishwa magonjwa ya London. Manson yeye alikuwa amekaa China zaidi ya miaka 20, na alijua kwamba nchi ambayo mgonjwa amepita ni sehemu ya ugonjwa wake.

Ndipo Kongo ilipomfikia. Mwaka wa 1891 alitazama damu ya mgonjwa kutoka Kongo ya chini aliyekuwa amelazwa London kwa ugonjwa wa usingizi, akaona minyoo midogo ambayo haikuwa ile ya China. Ilikuwamo usiku na mchana. Manson akaipa jina la perstans, maana yake unaodumu. Hapo akafanya kosa lake la pili: alifikiri mnyoo huo ndio unaoleta usingizi. Kwa nini asifikiri hivyo? Mgonjwa alitoka Kongo, ugonjwa ulitoka Kongo, mnyoo ulitoka Kongo. Mwaka wa 1902, wakati ugonjwa wa usingizi ulipokuwa unaua maelfu ya watu kando ya Ziwa Victoria, waganga watatu walitumwa Uganda: Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Low alizunguka akipima damu. Alikuta mahali ambapo watu wengi wana mnyoo na hakuna usingizi, na mahali ambapo kuna usingizi na mnyoo hauonekani. Nadharia ya mwalimu ikaanguka. Castellani aliona mdudu mwingine, tripanosoma, kwenye maji ya uti wa mgongo, na mwaka wa 1903 David Bruce akaonyesha kwamba unaletwa na mbung'o.

Wakati huohuo mke wa mmisionari mmoja alikuwa amerudi Uingereza kutoka Kongo ya juu akiwa na homa isiyoisha. Manson na wenzake walipata tripanosoma ndani ya damu yake. Alikufa mwaka wa 1903. Kwa waganga wa Ulaya kifo hicho kilikuwa habari nzito, maana wengi walikuwa wamedhani ugonjwa wa usingizi ni wa watu weusi peke yao. Kwa watu wa bonde la Semliki hakikuwa habari. Ugonjwa huo uliwamaliza huko miaka iliyofuata, na serikali ya Wabelgiji ikawahamisha wakaaji kutoka bondeni.

Tufike sasa kwenye yai. Tangu mwaka wa 1851 ilijulikana, kwa kazi ya Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo, kwamba kuna minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya tumbo, dume na jike wakiwa wamekumbatiana. Mayai yake yalikuwa ya namna mbili. Mengine yana mwiba mwishoni, mengine yana mwiba ubavuni. Misri mtu mmoja aliweza kuwa na yote mawili, kwenye mkojo na kwenye choo, kwa hiyo waganga wengi walisema ni mnyoo mmoja wenye mayai yenye maumbo tofauti.

Mwaka wa 1902 Manson alipokea Mwingereza aliyekuwa ameishi miaka mingi kwenye visiwa vya West Indies, upande wa pili wa Atlantiki. Alitazama choo chake: mayai yenye mwiba wa ubavuni. Alitazama mkojo wake: hakuna kitu. Mtu mwingine angeandika bilarziozi na kumfungia mgonjwa karatasi. Manson aliuliza kwa nini. Kama mnyoo ni mmoja, mayai ya mkojo yako wapi? Na kwa nini kule visiwani watu hawakojoi damu kama Wamisri? Akaandika kwamba huenda kuna minyoo miwili tofauti. Alisema huenda, hakudai zaidi ya alichokiona kwa msafiri mmoja. Mwaka wa 1907 mwenzake Louis Sambon akaenda mbele na kuupa mnyoo wa pili jina, mansoni.

Mjerumani Arthur Looss, aliyekuwa akifundisha Cairo, alikasirika. Huyu hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyegundua kwamba ankilostomi, ule mnyoo unaonyonya damu kwenye matumbo ya wakulima, unaingia kupitia ngozi. Aliligundua baada ya kujimwagia maji yenye watoto wa mnyoo kwenye mkono wake. Looss aliandika kurasa na kurasa kusema kwamba Sambon na Manson wanajenga nyumba juu ya yai moja, na kwamba mayai ya mwiba wa ubavuni ni kasoro tu ya majike machanga. Alikuwa na vielelezo vingi kuliko wao. Na alikosea.

Kwa nini ugomvi wa waganga wa zamani umhusu mchuuzi wa makayabo wa Butembo? Kwa sababu minyoo hii miwili haishi mahali pamoja wala haiharibu mwili kwa namna moja. Ule wa mkojo unashambulia kibofu. Ule wa Manson unakaa kwenye mishipa ya matumbo, na mayai mengi hayatoki nje. Yanapelekwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama humo. Miaka ikipita ini linakuwa gumu, wengu linavimba, maji yanajaa tumboni, na siku moja mtu anatapika damu nyingi. Pembeni ya Ziwa Albert, upande wetu na upande wa Uganda, hayo si mambo ya kitabu. Watu wanakufa nayo, na jirani wanasema amerogwa au amepewa sumu.

Mtu wa Butembo anajidanganya kwa urahisi hapa. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700, kuna baridi, na tunazoea kusema magonjwa ya ziwa ni ya watu wa ziwa. Lakini mnyoo hauulizi mtu analipa kodi wapi. Watoto wake wanatoka kwa konokono wa maji, wanaogelea, na dakika chache zinatosha waingie kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Haijalishi kama amekunywa maji yaliyochemshwa. Mayai yanaanza kuonekana kwenye choo baada ya majuma matano hivi au zaidi. Kwa hiyo aliyerudi juzi na kupimwa leo anaweza kuambiwa hana kitu, na karatasi hiyo ikamtuliza kwa uongo.

Hata baadaye, mayai hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Kipande kimoja cha choo kwenye kioo ni kidogo mno. Ndiyo maana waganga wanaojua kazi wanaomba choo cha siku mbili au tatu, na ndiyo maana kuna njia inayoitwa Kato-Katz, ambapo choo kinachujwa na kuwekwa kwenye tundu lenye kipimo, miligramu 41.7, kisha mayai yanahesabiwa. Ile hekima ya Amoy, ya kuchukua kitu kwa saa yake na kwa wingi wake, haijazeeka. Tena dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli, na inatolewa kwa kupima uzito wa mgonjwa. Si kitu cha kununua vidonge viwili kwa kukisia.

Na hiyo amibi ambayo kila mtu anayo? Mwaka wa 1925 Mfaransa Émile Brumpt alisema kwamba kuna amibi mbili zinazofanana kama mapacha, moja inauma na nyingine inakaa tumboni kwa amani. Alipuuzwa kwa muda mrefu, lakini leo inakubaliwa. Chini ya mikroskopi hazitofautishwi, isipokuwa pale amibi inapoonekana hai, ikiwa imemeza chembe nyekundu za damu, kwenye choo kilicholetwa kikiwa bado na joto. Choo kilichokaa kwenye kikopo tangu alfajiri mpaka saa nane hakiwezi kusema jambo hilo. Kwa maoni yetu, amibi nyingi zinazoandikwa kwenye vitabu vya wagonjwa mjini hazikuonekana na mtu yeyote. Ni jina tunalolipa tumbo pale ambapo hakuna aliyetazama.

Wakati wa Ebola, kati ya mwaka wa 2018 na 2020, wakaaji wa Beni na Butembo walijifunza kwa machozi maana ya jibu la labo. Homa, kutapika na kuhara vilitosha kumpeleka mtu mbali na familia yake, mpaka kipimo kiseme ndiyo au hapana. Wengi walichukia vipimo. Ila hakuna aliyesema tena kwamba ugonjwa wa tumbo unajulikana kwa macho tu.

Turudi London. Mwaka wa 1894 Manson alimwonyesha munganga wa jeshi la India, Ronald Ross, mdudu wa malaria chini ya mikroskopi, akamsukuma amtafute ndani ya mbu. Barua zilikwenda na kurudi miaka kadhaa. Tarehe 20 mwezi wa nane mwaka wa 1897 Ross akampata. Ili kuwashawishi wenye mashaka, mwaka wa 1900 mbu wenye malaria waliletwa kutoka Italia mpaka London na kumwuma mtu ambaye hakuwa amepita nchi yoyote ya malaria. Mtu huyo alikuwa Patrick Thurburn Manson, mtoto wake wa kwanza, kijana aliyekuwa akisomea uganga. Aliugua, mdudu akaonekana kwenye damu, akapewa kinini, akapona. Wengine wanamsifu baba kwa hilo. Sisi tunaona ni vigumu kumsifu. Miaka miwili baadaye kijana huyo alikufa kwenye kisiwa cha Christmas, kwa ajali ya bunduki.

Mwaka wa 1898 Manson alitoa kitabu chake juu ya magonjwa ya nchi za joto, na tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka wa 1899 shule ya uganga wa nchi hizo ikafunguliwa London, kwenye hospitali ya mabaharia ya Albert Dock. Fedha na nguvu zilitoka kwa wizara ya makoloni na waziri wake Joseph Chamberlain. Ni lazima tuseme wazi: shule hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa ili maofisa na wafanyabiashara Wazungu wasife Afrika, na koloni ziendelee kuzaa faida. Manson mwenyewe, akiwa mshauri wa wizara hiyo, hakuona aibu kusema uganga utasaidia ukoloni. Mikroskopi zilizofundishwa pale zilifika pia kwa watu ambao hazikukusudiwa.

Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1903. Ugonjwa wa jongo ulimtesa miguu na mikono, akaacha kazi za serikali mwaka wa 1912, akaenda kuvua samaki Ireland. Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta mzee. Ni vita hiyo iliyomaliza ule ugomvi wa yai. Mwaka wa 1915 jeshi la Uingereza liliogopa askari wake watapata bilarziozi Misri, likamtuma Robert Leiper, aliyekuwa mwalimu kwenye shule ya Manson. Looss hakuwa tena Cairo, kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Leiper alikusanya konokono kwenye mifereji karibu na mji, akawaambukiza panya na nyani kwa watoto wa mnyoo waliotoka ndani yao. Konokono wa namna moja walitoa minyoo ambayo mayai yake yote yalikuwa na mwiba mwishoni. Konokono wa namna nyingine, bapa kama kipande cha pesa, walitoa minyoo yenye mayai ya mwiba ubavuni. Minyoo miwili, konokono wawili. Manson alikuwa hai kusoma habari hiyo, akiwa na miaka 71.

Alikufa London tarehe 9 mwezi wa nne mwaka wa 1922, akazikwa Aberdeen. Mkwe wake, Philip Manson-Bahr, aliendelea kusahihisha kitabu chake, na mpaka leo kinachapwa chini ya jina la Manson, kikiwa kimeandikwa upya na waganga wengi. Wale konokono bapa wanapatikana kwenye majani ya kando ya Ziwa Albert, pale ambapo mitumbwi inapakuliwa. Na ule mnyoo wa damu aliouona kwa mgonjwa wa Kongo mwaka wa 1891 sasa unaitwa Mansonella perstans. Bado umo kwenye misitu yetu. Mtu wa labo anayetafuta malaria kwenye tone la damu anaweza kuukuta ukijikunja kati ya chembe, usiku au mchana.